Rauta ya Madhabahuni

Taa ya tatu haikuwaka. Ya kwanza iliwaka, ile ya umeme. Ya pili iliwaka, ya wifi. Ya tatu, ya bluu, ile ya modemu, ilibaki imezimika kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Séphora aliizima rauta, akasubiri kidogo, akaiwasha tena. Taa mbili. Hapo ndipo alipogeuka kumtazama mumewe, na mumewe akatazama dari.

"Papa Abi, umefanya hii routeur nini?"

"Miye? Hakuna kintu," alisema Mumbere. "Mise à jour tu, kuiweka mupya."

"Mise à jour ya nini?"

"Ya système. Nilitelecharger jana kule kwa Kambale. Ilikuwa ya bure."

Séphora alivuta kiti akakaa. Si kwamba alichoka. Alijua tu kwamba akibaki amesimama atasema maneno ambayo binti yao, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili, hakupaswa kuyasikia.

Tangu mwaka uanze, nchi nzima ilikuwa ikingoja matokeo ya uchaguzi bila internet. Serikali ilikuwa imeikata. Simu za sauti zilipita, ujumbe haukupita. Hapa Naviundu, pembezoni mwa Lubumbashi, maduka yalifunguliwa nusu mlango, na kila uvumi ulipofika kutoka mjini yalifungwa yote. Lakini kule Kipushi, mpakani, Kambale, mdogo wake Mumbere, alikuwa na mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, na juu ya mlingoti antena iliyoelekea Zambia. Jumapili walikuwa wameipeleka rauta yao huko ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, wakaitia kadi ya simu ya Zambia, wakaifunga kwenye waya wa antena. Mtandao ulikuja kama vile duniani hakuna mtu aliyewahi kupiga kura. Binti yao, Abigaëlle, aliongea kwa video na binamu yake aliyeko Kampala, wakaonana mpaka meno.

Na Jumanne, yaani kesho, saa tisa mchana, chuo kimoja cha uhandisi wa maji huko Dakar kilipaswa kumhoji Abigaëlle kwa video kabla ya kumpokea. Walimwandikia kabla internet haijakatwa: nafasi ni chache, na asiyeonekana kwenye skrini saa yake, nafasi yake atapewa anayefuata. Kuwapigia simu kulikuwa kumeshindikana. Huko Dakar iliitikia sauti ya mashine, ikawaambia watume email.

"Jana ilikuwa inafanya," Séphora alisema polepole. "Inafanya muzuri. Nani alikutuma kuigusa?"

"Mama Abi, banasema version mupya iko rapide zaidi. Nilisema juu ya mutoto."

Hakuwa akidanganya. Mumbere alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo, na kwao lori likipeleka viatu Kasenga linarudi na samaki. Mtu kufika mahali penye kitu na kuondoka mikono mitupu, huo ni ugonjwa. Jumapili, wakati Abigaëlle akiongea na binamu yake, Mumbere alikuwa amekaa pembeni na kompyuta akipakua kila kilichopita mbele yake: mahubiri, mechi, kwaya, namna ya kufuga sungura, na toleo jipya la mfumo wa rauta yao. Jumatatu duka likabaki limefungwa kwa sababu ya uvumi. Akakaa akiutazama ule mzigo. Akaona si vizuri bidhaa ilale stoo.

*

Séphora alikuwa na graduat ya informatique, digrii ya miaka mitatu ya kompyuta, na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Alichomeka waya kutoka rauta hadi kwenye kompyuta, akafungua dirisha jeusi, akaanza kusoma yale ambayo rauta yenyewe iliandika ilipokuwa inaamka.

Kila mashine ya namna hii ina kerneli, ule moyo wa mfumo unaoamka kwanza na kuviita vifaa kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Na kila kifaa kinahitaji pilote wake, programu ndogo inayoionyesha kerneli namna ya kuongea nacho. Séphora aliteremka mstari kwa mstari. Kerneli mpya iliuona umeme. Iliiona wifi, pilote akaitika. Iliiona ile kadi ya modemu iliyofungwa ndani kwa skrubu, iliyoshika laini ya Zambia. Iliandika namba yake, ikaandika jina la kiwanda. Halafu kimya. Hakuna pilote aliyeitika.

"Inaiona?" Mumbere aliuliza nyuma ya bega lake.

"Inaiona. Haiijue."

"Lakini kama inaiona..."

"Papa Abi, na miye naonaka gouverneur anapita na magari yake. Ananijua?"

Mumbere akarudi nyuma hatua moja.

"Basi turudishe ya zamani."

"Ya zamani iko wapi?"

"Si iko mule ndani?"

"Umeandika mupya juu yake. Iko ndani namna gani? Imelala chini ya kitanda?"

Hata hivyo alikuwa na akiba. Siku aliyoipanga rauta mara ya kwanza, alimnakili yule pilote wa modemu kwenye flash, kwa tabia yake tu ya kutomwamini mtu yeyote aliyevaa jina la fundi. Aliitafuta flash kwenye droo ya mikasi, akaipata, akampeleka pilote wa zamani ndani ya mfumo mpya. Kerneli ikamkataa. Ilisema huyu alitengenezwa kwa toleo jingine. Séphora akajaribu kumwingiza kwa nguvu. Rauta ikaganda, ikazima taa zote, ikaamka na taa moja. Akaanza upya. Akabadilisha jina, akabadilisha folda, akarudi mwanzo, na kila mara jibu lilikuwa lile lile kwa maneno yale yale, kwa adabu ile ile ya mashine ambayo mtu hawezi hata kuitukana ikasikia. Mwishoni mfumo ulimpa ushauri: pilote wa kufaa yupo, apakuliwe kutoka kwenye internet.

Aliusoma ushauri huo kwa sauti.

"Inasema nini?" Mumbere aliuliza.

"Inasema tuende internet kutafuta kintu ya kutufikisha internet."

"Na simu je? Tukiweka kadi ya Zambia mu simu..."

"Simu iko na tundu ya waya ya antena? Unataka mutoto apande kilima ya mabaki ya mugodi, kule bantu bote banatafutaka mutandao ya Zambia, aongee na baprofesa, wakati baaskari beko banapokonya bantu simu?"

Abigaëlle akatokea mlangoni na pasi ya makaa mkononi. Alikuwa amesikia yote. Kuta za nyumba ile hazikuwa na siri na mtu. Hakuuliza kitu kuhusu rauta.

"Mama, kesho nivae ya blanc ao ya bleu?"

Séphora akamtazama. Mwaka mzima tangu apate diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, msichana huyu alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mama yake akibana karatasi za watu wengine waliokuwa wakienda mahali.

"Ya bleu," alisema. "Nyoosha vizuri kola."

*

"Iko ingine," Mumbere alisema, binti alipoondoka.

"Najua."

"Sikusema twende. Nilisema tu iko."

Rauta hizo zilikuwa mbili, zimetoka katoni moja, na Séphora alizipanga siku moja. Moja walibaki nayo. Nyingine ilikwenda kanisani, kwa sababu ndivyo Mumbere alivyofanya kwa kila katoni: kitu cha kwanza kutoka ndani yake kilikuwa malimbuko, cha Mungu. Lile kanisa lilijaa malimbuko yao. Saa ya ukutani, thermos ya mchungaji, nyaya za kurefushia umeme, mwavuli mkubwa wa harusi. Rauta ilikaa chini ya madhabahu ikipeleka picha ya kamera kwenye televisheni ya uani, kwa wale wanaokosa nafasi ndani. Hakuna aliyeigusa tangu Séphora aiwashe. Kerneli yake ilikuwa ile ile ya zamani.

Ila hawakuwa wamekanyaga pale tangu mwezi wa tisa. Kwenye kikao cha akina mama, Séphora alisema mbele ya wote kwamba kila zamu ya Mama Pasteur, mke wa mchungaji, ya kupikia wageni ikifika, Mama Pasteur anatangaza mfungo wa kanisa zima. Lilikuwa jambo la kweli. Hilo ndilo lililofanya lisisameheke.

"Kesho asubuhi," Séphora alisema. "Na wewe hautafungua kinywa."

*

Asubuhi waliwakuta akina mama watatu wakichambua maharage uani kwa kanisa, na Mama Marie-Thérèse, mke wa Pasteur Clément, akiwa katikati yao kwenye kiti chenye mgongo. Aliwaona tangu getini. Akaendelea na maharage. Aliokota jiwe, akalitazama pande zote, akalitupa. Akaokota jingine.

"Shikamoo, Mama Pasteur," Séphora alisema.

"Marahaba. Kumbe mungali munakaaka hapa Naviundu. Tulisema mulishahamia Bulaya."

Wale wengine walicheka ndani ya ungo. Hakuna aliyewapa kiti. Mumbere alisimama na begi kifuani, ile rauta iliyoharibiwa ikiwa ndani, kama mtu aliyeleta mtoto kwa daktari. Séphora alisema haja yake bila kuzunguka: mtoto ana mtihani leo saa tisa, rauta yao imeshindwa, wanaomba ile ya kanisa.

Pasteur Clément alitoka aliposikia sauti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukubaliana na aliyesema mwisho.

"Mama Séphora, kintu kikishawekwa kwa mazabahu hakitokake tena," alisema. "Unajua. Si miye njo nilitunga."

"Najua, Pasteur. Haitatoka bure. Tunaweka ingine pale pale. Sura moja, katoni moja."

"Na hii iko mupya zaidi," Mumbere aliingilia, biashara ikimshinda. "Système ya mwaka huu. Ile yenu ilishazeeka, Pasteur. Bantu banalipa..."

"Papa Abi, nyamaza." Séphora alimgeukia mchungaji. "Hii iko na kilema. Kadi ya simu ya ndani haifanye. Kwa camera yenu haina shida, nilijaribu. Ningekuwa nadanganya, ningekuja usiku na kuibadirisha, mungejuaje?"

Pasteur Clément akamtazama mkewe. Mama Marie-Thérèse aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole.

"Leo unasemaka vizuri, Mama Séphora. Na ile siku ya réunion? Ulisemaka nini?"

"Unakumbuka nilisema nini."

"Nakumbuka. Bamama hawa bote banakumbuka. Basi siku ya yenga, Jumapili hii, utasimama mbele, na micro, uombe musamaha. Si hapa kwa maharage. Mbele ya kanisa."

"Anaweza kuomba hapa hapa," Mumbere alianza, "mbele ya bamama batatu, na siku ya yenga tunaleta..."

"Sawa," Séphora alisema.

Mumbere akafunga kinywa. Mama Marie-Thérèse mwenyewe alionekana kushtuka kidogo, kama mtu aliyeusukuma mlango akidhani umefungwa.

"Mbele ya kanisa zima," alirudia.

"Nimesikia. Ufunguo uko wapi?"

*

Kwenye kizuizi cha njia ya Kipushi askari alilisimamisha gari lao. Alikuwa na macho mekundu ya watu wasiolala kwa sababu ya kazi ambayo hawakuelezwa mwisho wake. Safari ya Jumapili walipita kwa kuwa mfuko wa unga ulionekana kama mfuko wa unga. Leo kwa haraka Mumbere alikuwa ameiweka rauta juu ya miguu ya Abigaëlle, wazi.

"Hii ni nini? Ya internet hii?"

Mumbere alifungua kinywa. Séphora alimkanyaga mguu.

Askari aliigeuza. Upande wa chini, kwa rangi nyekundu ya mafuta, shemasi fulani mwenye mkono mzito alikuwa ameandika: ÉGLISE – NE PAS TOUCHER. Askari aliyasoma maneno kwa midomo: ya kanisa, usiguse. Akaondoa mkono polepole, akakirudisha kile chombo juu ya miguu ya msichana, akakisukuma kwa kidole kikae vizuri.

"Mutuombee," alisema. "Na sisi tunachoka."

Gari lilipoondoka Abigaëlle alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kola ya bluu, mama yake akamwambia asiikunje.

*

Nyumbani kwa Kambale, Séphora alihamisha kadi ya Zambia, akafunga waya wa antena, akachomeka umeme. Taa ya kwanza. Taa ya pili. Wote wanne walisimama wakiitazama ile ya tatu. Ilikaa imezima muda mrefu. Halafu ilipepesa. Ikapepesa tena. Ikatulia, bluu.

Habari ilikuwa mtaani kabla Abigaëlle hajafungua kompyuta. Majirani waliingia mmoja mmoja na simu mkononi: mmoja ana ujumbe mfupi tu wa kutuma, mwingine picha moja ya mtoto aliyezaliwa, mwingine anataka tu kuona kama WhatsApp bado iko. Séphora aliomba beseni la kuogea kwa mke wa Kambale, akaliweka mlangoni.

"Simu zote humu. Zimeni kwanza."

"Shemeji, ni dakika moja tu," Kambale alisema. "Nyumba ni yangu, mlingoti ni wangu."

"Mutoto ni wako pia. Zima."

Kambale akazima. Majirani wakazima, wakinung'unika kwamba wanawake wa Lubumbashi wanaletaka utawala mpaka kwa bantu. Mumbere akawa wa mwisho. Séphora alinyoosha mkono, akangoja. Akaichukua simu yake, akaitazama: ilikuwa imeshaanza kupakua kitu. Aliizima na kuitia chini kabisa ya beseni, chini ya nyingine zote.

Ndani, mlango ukiwa umefungwa, sauti ya mwanaume ilisikika ikikatika, ikarudi, ikiuliza kama inasikika.

"Mademoiselle, vous m'entendez ?"

"Oui, monsieur. Très bien."

Séphora aliegemeza mgongo kwenye ule mlango na kukaa chini, miguu imenyooka mbele yake, beseni la simu pembeni. Maneno hayakumfikia vizuri. Alisikia tu kwamba sauti ya binti yake haikukimbia. Mara moja alicheka huko ndani, kicheko kifupi cha adabu, na yule mwanaume akacheka pia. Mumbere alimtazama mkewe akitaka kujua kama hiyo ni dalili nzuri. Séphora akainua mabega.

Abigaëlle alipotoka alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Balikuwa batatu. Baliuliza sana juu ya maji ya mutaa ya Katuba, namna bantu banachota. Nilijibu yote." Akakaa chini karibu na mama yake. "Jibu litakuja mu wiki hii. Kwa email."

Kambale ndiye aliyeanza kucheka. Halafu majirani. Email, katika nchi hii, wiki hii. Mumbere alijizuia, akashindwa. Séphora hakucheka.

"Tutakuja kuangalia kila siku," Mumbere alimwambia binti yake. "Routeur tuko nayo."

"Hautaigusa," Séphora alisema.

"Sitaigusa."

*

Siku ya yenga ilifika na internet haikurudi. Asubuhi hiyo Kambale alipiga simu kutoka Kipushi, ambako ile rauta ilibaki: bado hakuna kitu kutoka Dakar. Ijumaa hakuna, Jumamosi hakuna. Wiki ilikuwa imekwisha.

"Basi tungoje kwanza," Mumbere alisema, akivaa tai mbele ya kioo. "Musamaha unaweza kungoja. Wakimukataa mutoto, tutakuwa tumefanya yote hii juu ya nini?"

"Nilisema sawa."

"Nasema tu."

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka uani. Siku za hofu watu husali. Chini ya madhabahu ile rauta ya mise à jour ilikaa mahali pa mwenzake na taa zake mbili. Picha ya kamera ilikwenda kwenye televisheni ya nje bila kukwama hata mara moja, safi kuliko zamani. Hilo Mumbere alilisema kweli, na Séphora alikasirika zaidi kwa hilo. Mama Marie-Thérèse alimletea micro yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

Séphora alisimama. Alimwona Abigaëlle kwenye benchi la tatu, kola ya bluu imenyooka.

"Mama Pasteur," alisema, na sauti yake ikatoka ndani na nje kwa pamoja. "Mwaka jana nilisema mbele ya bamama kwamba zamu yako ya kupika ikifikaka, unatangazaka mufungo. Kintu kama kile hakisemwake mbele ya bantu. Naomba unisamehe."

Kisha kutoka uani, kwa wale waliokuwa wakimtazama kwenye skrini, kilisikika kicheko cha mtu mmoja, na cha wa pili, na kikohozi kirefu cha wengi waliojaribu kukimeza. Waliokuwa hawajawahi kuisikia habari hiyo sasa walikuwa wameisikia. Mama Marie-Thérèse alisimama akitafuta mahali ambapo msamaha huo ulikuwa na kasoro, asipaone. Ilimbidi amkumbatie.

Séphora alirudi kwenye benchi akakaa kati ya mumewe na binti yake. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa ameishi na watu ambao hawatoi hata senti kabla ya kufungua katoni na kuhesabu kilichomo. Leo yeye amelipa yote, mbele ya watu, na mzigo, lile jibu la Dakar, bado uko njiani, kama uko.

"Kesho twende Kipushi," Abigaëlle alinong'ona wimbo ulipoanza.

"Kesho na kesho kutwa," alisema Séphora. "Imba."